Wakuu, bawasiri si moja: yaliyonikuta mimi fundi wa Mwanga, Kigoma, na aina zake nilivyoelezwa

FundiWaMwanga:
Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara tatu kwa aibu. Leo nimejifunga kibwebwe, maana jina langu halimo humu na kiti changu cha kushonea hakina mdomo.

Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanga, Kigoma mjini. Nakaa kwenye kiti cha mbao toka saa mbili asubuhi hadi magharibi. Idi ikikaribia nakaa hadi saa tano usiku. Miaka miwili iliyopita nilianza kuona damu chooni. Nyekundu kabisa, matone mawili matatu, na haiumi. Nikasema hii bawasiri. Huku kwetu neno hilo ni gunia, kila kitu kinaingia: ukiwashwa huko nyuma ni bawasiri, ukichanika ni bawasiri, ukiota kinyama ni bawasiri, ukitoa usaha ni bawasiri. Wazee wengine wanaita mgoro, na kila nyumba ina dawa yake ya mgoro.

Nami nikazipitia. Mshubiri nimepaka. Kitunguu saumu nimekiweka mahali ambako kitunguu saumu hakikuumbiwa kukaa. Mwisho jamaa mmoja wa sokoni akaniuzia unga mweusi, nipake usiku, eti kinyama kitadondoka chenyewe. Nimeshika pasi ya mkaa miaka 15, kuungua nakujua. Ule usiku niliungua. Asubuhi ngozi imebabuka, kukaa siwezi, suruali za harusi ya watu zimelala mezani siku nne, na wateja nawaambia nina jipu.

Damu ikakata wiki mbili, ikarudi, ikazidi. Ikafika mahali nikisimama ghafla macho yanaingia giza. Nikaenda kituo kimoja, sikitaji. Niliyemkuta hakunigusa wala hakuniangalia. Alisikia neno "bawasiri" akaandika tyubu ya kupaka. Tyubu tatu zimeisha, hali ile ile.

Mke wangu ndiye aliyemaliza maneno. Aliona nguo zangu kwenye beseni la kufulia. Hakupiga kelele, alisema tu: "Kesho hufungui kibanda."

Hospitali tuliyokwenda nikamkuta tabibu kijana, mdogo kwangu. Akaniuliza maswali ambayo sijawahi kuulizwa. Damu iko juu ya choo au imechanganyika nacho? Ni nyekundu au nyeusi kama lami? Kuna ute? Kuna kitu kinatokeza? Kikitokeza kinarudi chenyewe? Unakaa chooni muda gani, na simu unaingia nayo? (La simu nilidanganya.) Kisha nikalala ubavu wa kushoto, magoti kifuani, akapima kwa kidole chenye glavu na mafuta, halafu akaingiza kifaa kifupi kama faneli chenye mwanga, wanakiita proktoskopu. Haikufika dakika tano. Nimejificha miaka miwili kwa ajili ya dakika tano.

Sasa nilivyoelezwa. Kwanza akaniambia bawasiri kila mtu anazo, tumezaliwa nazo. Karibu na mlango wa haja kubwa, kwa ndani, kuna vifuko laini vya mishipa ya damu vinavyosaidia kuziba ile njia ili upepo na maji visitoke ovyo. Vikubwa viko vitatu, akasema, "saa tatu, saa saba na saa kumi na moja." Mimi nikadhani ananitajia saa za kumeza dawa. Akacheka hadi muuguzi akageuka. Kumbe wanauchukulia mlango kama uso wa saa ya ukutani, mgonjwa akiwa amelala chali, halafu wanasoma tarakimu kizungu. Kwa saa yetu ni saa tisa, saa moja na saa tano. Kwa hiyo kuwa nazo si ugonjwa. Ugonjwa ni pale vifuko vinapovimba, nyuzi zinazovishikilia zinapolegea, navyo vikaanza kuteremka.

Pili, na hapa ndipo mtu wa cherehani nilipoelewa vizuri: ndani ya ile njia, sentimita kama 2 kutoka nje, kuna mstari. Chukulia koti. Juu ya mstari ni bitana, chini yake ni kitambaa cha nje, na mstari wenyewe ni mshono unaoviunganisha. Bitana haisikii maumivu kama ngozi. Kitambaa cha nje ni ngozi hasa, inasikia hata ncha ya sindano. Bawasiri zilizo juu ya mshono ndizo za ndani: zinatoa damu na kwa kawaida haziumi. Zilizo chini ya mshono ni za nje: zimefunikwa na ngozi, zinavimba, zinawasha, na damu ikiganda ndani yake utalia. Wengine wana zote mbili kwa pamoja. Ndiyo maana damu yangu ilikuwa ya kimya, nami nikaona kwa kuwa haiumi basi si kitu.

Za ndani ndizo zenye madaraja. La kwanza, bitana imevimba ndani kwa ndani. Inatoa damu lakini haijatokeza. La pili, ukijikamua bitana inachungulia chini ya pindo, ukimaliza inarudi yenyewe. La tatu, ikitoka hairudi mpaka uisukume kwa kidole. La nne, imetoka na hairudi hata ukiisukuma. Mimi nilikuwa la pili. Na dawa inafuata daraja, wakuu. Tyubu haiwezi kupandisha bitana iliyokwisha kuning'inia, na mtu wa daraja la kwanza hana shida ya kisu. Yule jirani aliyepona kwa majani fulani huenda alikuwa na aina nyingine kabisa, au hakuwa na bawasiri.

Nitaendelea, maana yangu hayakuishia hapo. Kuna mteja mlangoni.

MwishoWaReli:
Nimesoma nikiwa nimesimama. Kumbe hata mwili una mwisho wake wa reli, na ndiko mizigo inakokwama. Endelea fundi, tupo.

Divisheni_Foo:
Madaraja nimeyaelewa kama matokeo ya kidato cha nne, tofauti ni kwamba hapa ziro ndiyo ufaulu.

DerevaKibondo:
Wakuu, mimi naendesha Fuso ya maharage kutoka Kibondo. Juzi usiku tulikwama kwenye tope tukasukuma gari kwa saa nzima, asubuhi nimeamka na kitu mlangoni, ukubwa wa zambarau na rangi ya zambarau. Kukaa kinauma, kutembea kinauma, kukohoa ndiyo usiseme. Damu hakuna. Leo siku ya pili. Hii ni daraja la ngapi?

TabibuKasulu:
Dereva, pole. Hiyo haina daraja. Kwa maelezo yako inafanana na bawasiri ya nje iliyogandisha damu: mshipa mdogo chini ya ngozi umejaa donge la damu, mara nyingi baada ya kujikamua, kunyanyua kitu kizito au kusukuma kama mlivyosukuma. Uwahi hospitali leo, usingoje kesho, na sababu ni hii: ndani ya saa 72 za mwanzo daktari anaweza kupiga ganzi pale pale na kulitoa donge, ukarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Muda huo ukipita maumivu huwa yameanza kushuka yenyewe, na kukata hakukupunguzii kitu sana. Tunakuacha na dawa ya maumivu, kulainisha choo na maji ya uvuguvugu, donge linanywea kwa wiki moja hadi mbili. Linaweza kukuachia kingozi kilicholegea. Hicho si ugonjwa, ni kumbukumbu.

Usikitoboe kwa sindano ya nguo. Nasema hivyo kwa sababu nimewashona waliotoboa.

Fundi umeeleza vizuri, hilo la bitana nitaliiba. Niongeze kuhusu yale yanayoingizwa kwenye gunia la bawasiri na hayamo.

Mpasuko ndio unaoongoza. Mtu anakwambia, "Tabibu, nikienda haja ni kama napitisha kipande cha chupa," na baada ya choo maumivu yanabaki saa nzima au zaidi. Huyo ana mchaniko wa ngozi, mara nyingi upande wa mgongoni katikati, umetokana na choo kigumu. Damu yake ni kidogo, unaiona kwenye karatasi. Bawasiri ya ndani haiumi hivyo. Ukipima kwa nguvu mtu mwenye mpasuko mpya unamtesa bure. Mara nyingi inatosha kutenganisha makalio taratibu na kuangalia. Na mpasuko ukiwa ubavuni badala ya katikati, natafuta sababu nyingine, ikiwemo kifua kikuu na VVU.

Nasuri ni tofauti kabisa. Inaanza na jipu pembeni ya mlango, linapasuka, kisha panabaki kitundu kinachotoa usaha kinafunga kinafunguka miezi na miezi. Hakuna tyubu wala mzizi utakaoziba nasuri. Ni ya daktari wa upasuaji.

Kuna kutoka kwa puru, yaani ule mwisho wa utumbo mpana, nyama yote inatoka kama pete iliyozunguka, kwa watoto wenye utapiamlo na kuhara na kwa bibi zetu. Kuna masundosundo, hayo ni ya virusi. Na kuna saratani, ambayo nitairudia chini kwa sababu ndiyo inayonikosesha usingizi.

FundiWaMwanga:
Asante sana Tabibu. Narudi nilipoishia.

Nilidhani nimemaliza, bawasiri daraja la pili, nipewe dawa niende. Yule kijana akabaki anaangalia karatasi yake. Akaniuliza, "Mzee, wewe mwenyeji wa wapi hasa?" Nikamwambia nimezaliwa Kibirizi, baba yangu mvuvi, ziwani tumelelewa. "Bado unaoga ziwani?" Kila Jumapili, na watoto. Akasema damu yako nyingine iko juu ya choo, hiyo naielewa, lakini umesema kuna siku inachanganyika na ute na tumbo linasokota. Bawasiri haisokoti tumbo. Akanituma maabara na kikopo, siku tatu mfululizo.

Majibu: mayai ya kichocho cha tumbo.

Wakuu, mimi kichocho nilijua ni cha kukojoa damu, ugonjwa wa watoto wa shule. Kumbe kiko cha mkojo na kiko cha tumbo, na huku pembeni mwa Ziwa Tanganyika chetu ni cha tumbo. Mdudu anatoka kwenye konokono wadogo wa majini, anapenya ngozi wakati unaoga au unafua, anakwenda kuishi kwenye mishipa ya damu ya utumbo miaka na miaka. Mayai yake ndiyo yanayochubua utumbo. Yale matyubu yote, huyu mdudu alikuwa anayaangalia tu.

Dawa yake ni vidonge vya prazikwanteli, unapimwa uzito kwanza, miligramu 40 kwa kila kilo. Mimi nina kilo 68, nikameza vidonge vinne na nusu vya miligramu 600 baada ya kula ugali. Kichefuchefu kidogo, basi. Na damu yangu ilipopimwa ilikuwa 7.9, wakati mwanamume anatakiwa awe na 13 kwenda juu. Ndiyo ile giza ya macho.

Kwa hiyo nilikuwa na magonjwa mawili yaliyovaa kanzu moja.

DagaaWaKatonga:
Duh. Sisi tunaoingia majini usiku kwenye dagaa tujipime wote.

TabibuKasulu:
Na hili la Fundi lina mkia. Kichocho cha tumbo kikikaa muda mrefu kinakwenda kwenye ini. Ini likikakamaa, damu inayotoka tumboni inakosa njia, mishipa inavimba kwenye umio na hata huko chini kwenye puru. Hiyo mishipa ya chini mtu akiiona haraka atasema bawasiri. Siyo. Ukiifunga au kuikata kama bawasiri inaweza kumwaga damu ya kutisha. Kwa hiyo mgonjwa wa pembeni mwa ziwa mwenye tumbo limejaa, bandama kubwa au aliyewahi kutapika damu, mwambie daktari kabla hajashika chombo chochote.

MamaMapacha:
Shikamooni nyote. Mimi ni mjamzito wa miezi minane, wa mapacha. Bawasiri zimenitoka kama kichane cha ndizi, na choo kilikuwa cheusi. Mama mkwe kaniambia niache vile vidonge vya kuongeza damu ndivyo vinavyoniletea. Nimeacha wiki mbili. Nimesoma hapo juu kuhusu choo cheusi kama lami nikaingiwa na hofu.

TabibuKasulu:
Marahaba mama, hongera na pole. Choo cheusi kwa anayemeza FEFO, vile vidonge vya kuongeza damu, ni madini ya chuma yale, rangi tu. Cha kuogopesha ni kile cheusi, kinachonata kama lami na kunuka vibaya, na mtu anaishiwa nguvu. Ukiacha FEFO wiki mbili na bado ni cheusi, nenda kesho ukaonwe. Kama rangi imerudi, jibu umelipata.

Mama mkwe hajakosea sana, vidonge vya chuma vinafunga choo kwa wengine, lakini dawa si kuviacha, hasa wewe wa mapacha. Mwambie muuguzi wa kliniki, kuna dawa za kulainisha choo zisizomdhuru mtoto. Bawasiri za mimba zinatokana na tumbo kukandamiza mishipa, homoni zinazolegeza kuta zake, na choo kigumu. Lala ubavu, kalia beseni la maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15 mara mbili tatu kwa siku, usitie dettol wala chumvi ya kuwasha. Wengi zinanywea zenyewe wiki chache baada ya kujifungua. Tyubu ya dukani usinunue bila kuuliza.

MamaMapacha:
Asante baba. Rangi imerudi kawaida tangu wiki iliyopita. Kesho ni kliniki, nitawaambia.

KijanaWaGungu:
Naomba niulize kinachoulizwa vijiweni. Matangazo ya dawa za asili yanasema bawasiri inamaliza nguvu za kiume na baadaye inageuka saratani. Ni kweli? Na pia, samahani kwa wakubwa, kuna dhana kwamba mwanamume mwenye bawasiri ana michezo yake. Ndiyo maana tunakufa nayo.

FundiWaMwanga:
Kijana umesema lililonifunga mimi miaka miwili. Niliogopa kuvua suruali mbele ya mtu mzima akanifikiria hivyo. Nilipomwambia yule tabibu akasema, ona foleni pale nje: mwalimu, shehe, mama ntilie, dereva, wote wanaugua kitu kimoja. Choo kigumu hakiangalii tabia ya mtu.

TabibuKasulu:
La nguvu za kiume: bawasiri haigusi mishipa ya huko. Mtu mwenye maumivu, upungufu wa damu na wasiwasi anaweza kukosa hamu, kama ambavyo angekosa akiumwa jino. Anayekuuzia chupa moja ya kutibu vyote viwili anauza chupa.

La saratani: bawasiri haigeuki saratani. Hatari yake ni ya namna nyingine, na hapa naomba mnisikilize. Saratani ya utumbo mpana na ya puru inatoa damu pia. Mtu anaiona, anasema "bawasiri yangu ya siku zote," anapaka tyubu mwaka mzima. Niliyempoteza mwaka juzi alikuja hivyo. Kidole changu kiliigusa siku ya kwanza niliyompima. Kabla yangu alikuwa ametibiwa miezi 14 na watu ambao hawakumpima hata mmoja. Kwa hiyo: umri umevuka 45 na damu ndiyo inaanza, choo kimebadilika, leo kuhara kesho kufunga, au kimekuwa chembamba kama penseli, unapungua mwili bila sababu, unahisi haja haiishi hata ukitoka chooni, damu imechanganyika na choo, una ndugu wa damu aliyeugua saratani hiyo. Lolote kati ya hayo, usikubali kuitwa mwenye bawasiri mpaka utumbo uangaliwe kwa kamera. Wa kwangu ninawapa rufaa kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza. Ni mbali, najua.

Pilipili haileti bawasiri. Ukiwa nayo tayari itakuwasha ikipita, ni hilo tu. Na kukalia jiwe la baridi ni maneno ya bibi, tumsamehe.

MzeeWaBehewa:
Vijana, mimi nilikuwa daraja la nne, na nimefanya kazi ya reli hadi kustaafu, hivyo madaraja nayajua. Nilikatwa. Ganzi ya uti wa mgongo, sikusikia kitu mezani. Nisiwadanganye, kilichofuata kilikuwa kazi. Wameacha vidonda wazi vipone vyenyewe, na choo cha kwanza siku ya tatu nilishika nguzo ya mlango nikaita majina ya wahenga wangu. Wiki mbili za kwanza ngumu, ya tatu nikakaa kwenye kiti, ya tano nimesahau. Miaka sita sasa sijaona tone. Aliyeniambia inarudi kila ukikatwa hakuwa amekatwa yeye.

FundiWaMwanga:
Shikamoo mzee. Mimi sikufika huko. Kwa daraja la pili walianza na chakula na maji wiki sita, na prazikwanteli na vidonge vya damu. Matone yakapungua lakini hayakuisha, ndipo daktari wa upasuaji akanifunga mpira. Wanapita na ile faneli, wanavuta kile kifuko, wanakifunga kwa kimpira kidogo kwenye shina lake, juu ya mshono. Kumbuka juu ya mshono ni bitana, kwa hiyo hakuna ganzi na hakuna kisu. Nilisikia mgandamizo kama haja inayotaka kutoka. Wakikosea wakafunga chini ya mshono utaruka, ndivyo alivyoniambia huku akifunga. Siku ya saba kikadondoka, damu kidogo, wala sikukiona. Nilifungwa viwili, baada ya wiki sita kimoja. Aliniambia nikipata homa, maumivu makali au mkojo ukigoma nirudi mbio usiku huo huo. Pia kuna sindano ya kusinyaza kwa wa madaraja ya mwanzo, mimi sikuchomwa.

Kwenye chakula nilicheka. Aliniambia nahitaji nyuzinyuzi gramu 25 hadi 30 kwa siku. Nikahesabu siku yangu: ugali wa muhogo na mgebuka, samaki wetu wa ziwani, wa mawese mchana, ugali wa muhogo na dagaa usiku, chai na andazi asubuhi. Mgebuka hauna nyuzinyuzi hata moja. Mawese nayo hayana. Na sisi ndio tunaopeleka maharage nchi nzima! Kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva kina zaidi ya gramu 10, parachichi moja la wastani kama gramu 10. Sasa nyumbani ni maharage kila siku, sombe (kisamvu) au lengalenga (mchicha), ugali wa dona mara nyingi, nanasi au parachichi. Mgebuka nimebaki naye, nisije nikafukuzwa ukoo. Ila ongeza polepole na maji yaende pamoja. Mimi niliingia maharage kwa pupa wiki ya kwanza, wateja wakakaa nje ya kibanda.

Kingine, haja ikija inuka. Mimi nilikuwa naibana nimalizie mkono wa shati, choo kinakauka ndani, jioni ndiyo vita. Na simu sasa inabaki kwa mke wangu. Dakika tano, haijatoka, natoka.

DerevaKibondo:
Mrejesho. Nilifika jana saa tisa alasiri, saa ya hamsini na kitu tangu ianze. Wamekata kidogo, donge limetoka kama punje ya zabibu kavu, jeusi. Nimelala usingizi. Wakaniambia wiki moja nisiendeshe, Fuso yuko nayo mdogo wangu. Tabibu ubarikiwe.

KijanaWaGungu:
Ngoja niseme sasa. Mimi swali langu la mwanzo halikuwa la kwangu. Baba yangu ana miaka 58, anatoka damu tangu mwezi wa nne, na mkanda wake ametoboa tundu mbili mpya. Anasema ni mgoro wa ukoo. Nimemsomea uzi huu wote jana usiku, sehemu ya Tabibu nimeirudia mara mbili. Hakujibu. Asubuhi ameniuliza basi la Kasulu linaondoka saa ngapi.

TabibuKasulu:
Mlete. Aje na choo cha asubuhi kwenye kikopo kama ataweza, na kama anatumia aspirini au dawa za moyo mje nazo. Nitampima siku hiyo hiyo, na rufaa ikihitajika nitaiandika mwenyewe.

KijanaWaGungu:
Sawa daktari. Ameuliza jambo moja tu, kama atakayempima ni mwanamke.

TabibuKasulu:
Ni mimi, mwanamume. Lakini muuguzi anayeshika taa ni mama mtu mzima. Mwambie mkiwa bado Kigoma, asije akageukia mlangoni kwangu.